Mlango Nilioufunga kwa Sekunde Nne

Kilichoninyima usingizi mwaka ule pale Toronto ni swali moja: je, ningeweza kufunga mlango tena?

Nyambizi ikitoboka, chumba kinachojaa maji hufungwa hata kama mwenzako bado yumo. Hayo ndiyo tuliyofundishwa mwanzo kabisa, sisi tuliojitolea kuwa mabaharia wa nyambizi, katika jengo la wanamaji kando ya ziwa. Wenzangu waliniita Profesa. Nilikuwa na shahada, na wasiwasi wa watu kumi.

Kwetu Buyenzi, Bujumbura, asubuhi niliyofunga mlango mara ya kwanza ilianza kama kawaida. Mama alikuwa kwa dada yake Uvira. Kaka yangu Saidi alivaa shati langu jipya bila kuniomba, akatoka kununua mkate.

"Nikirudi utanigombeza vizuri," alisema akicheka.

Kisha risasi.

Baba alinivuta ndani. "Funga!"

Nilisukuma komeo.

Mlango uligongwa mara tatu, polepole, kama Saidi alivyogonga siku zote. Baba alitikisa kichwa. Sikufungua.

Jioni tulikuta mkate tu kizingitini. Baba alimwambia Mama kwamba Saidi hakurudi tangu atoke. Baadaye Baba alifia katika kambi ya wakimbizi, nikabaki na siri peke yangu.

Katika ghorofa yetu ya Kingsview Village, hapo Toronto, Mama hakufunga mlango kwa ufunguo mchana.

"Saidi akitufikia, asihangaike kugonga," alisema.

Nami nilikuwa bado nalitamani lile shati, ili nimgombeze.

Siku ya zoezi, mwenzangu Denis aliwekwa nyuma ya mlango wa chuma, maji yakafunguliwa.

"Profesa, usianze kufikiri, nitazama!" alipiga kelele.

Nilifunga. Denis akagonga kwa ngumi, wenzetu wakacheka.

"Sekunde nne," mkufunzi alisema. "Hakuna aliyekushinda. Weka sahihi, Jumatatu unakwenda pwani."

Nilikuwa nimeogopa kwamba ningeshindwa. Kumbe mkono wangu haukusita hata kidogo.

Nilimrudishia fomu bila sahihi, nikapanda basi hadi nyumbani. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa akichambua mchele.

"Mama, siku ile Saidi alifika. Mimi ndiye niliyefunga."

Mikono yake ilisimama juu ya sinia.

"Aligonga, mwanangu?"

"Mara tatu, Mama."