Mwalimu wa Mazingira Anayekata Miti Aliyoipanda Mwenyewe

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukungu bado umelala bondeni, na Adelfina Nkeshimana anaangusha mti. Anapiga shoka mara tano, anapumzika, anapiga tena tano. Mkaratusi unalia, unaegemea upande, kisha unaanguka na kuvunja matawi ya wenzake.

Hamalizii hapo. Anachukua panga, anapiga magoti na kuanza kuchuna gome la kisiki mpaka kinabaki cheupe. Kisiki kisipochunwa, anasema, kitakuwa kimechipua kabla ya Krismasi.

Wanawake wawili wanaokwenda shamba wanasimama, majembe begani. Wamemfahamu maisha yao yote, ila hili bado halijawaingia akilini.

"Mwalimu, kweli hujarogwa?" anauliza mmoja.

"Bado. Nishikie hilo tawi."

Usiwacheke. Adelfina, mwenye umri wa miaka 56, ni mwalimu wa mazingira wa kujitolea katika Shule ya Msingi Kanyamazi, kata ya Murusagamba, wilayani Ngara. Kwa miaka kumi na tatu amewafundisha watoto wa hapa kwamba kukata mti ni sawa na kumkata mtu mkono. Mwanamume mmoja aliyeiba nguzo tatu katika msitu huu alitozwa mbuzi, na aliyemfikisha kwa mwenyekiti wa kijiji alikuwa Adelfina huyuhuyu.

Leo shoka liko mikononi mwake, na kibali cha afisa misitu kimekunjwa ndani ya kitenge.

"Kila mmoja niliumwagilia kwa kopo," anasema akiitazama miti iliyobaki. "Ilikuwa mia sita na arobaini. Nilijivunia kuliko nyumba yangu."

Nyumba yenyewe ni ya tofali za udongo, na anaishi humo na mumewe, Renatus. Wanalima migomba, maharage na mihogo. Kazi ya kufundisha haina mshahara. Wazazi humchangia shilingi elfu thelathini kwa mwezi, zikipatikana, na msimu wa mavuno humletea maharage. Binti yao, Speciose, ameolewa Nyamiaga na ndiye aliyemnunulia viatu vya mvua anavyovaa kila siku, mvua iwepo isiwepo.

Mambo yalianza vizuri, na hapo ndipo uchungu ulipo.

Mwaka 2012 lilikuja gari la mradi wa kupanda miti. Lilishusha miche ya mikaratusi, likapiga picha, likaondoka. Adelfina, aliyeishia darasa la saba lakini akiwa na sauti ya kuongoza watu, alipewa jukumu la kuchagua mahali pa kupanda. Alichagua mahali alipopapenda kuliko pote: chemchemi ya Kanyamazi, iliyonywesha kaya karibu mia mbili tangu enzi za babu zao.

Mahali hapo palikuwa na mwenyeji. Juu ya jicho la maji ulisimama umuvumu, mti ambao vitabu vya shule huuita mkuyu, mnene kiasi cha kuhitaji watu watatu kuukumbatia. Wazee wa zamani walikuwa wakimwaga pombe ya mtama shinani pake kuwakumbuka waliokufa. Kwa Wakatoliki wa jumuiya ya Adelfina, ambaye wakati huo alikuwa mwenyekiti wao, mti ule ulikuwa aibu iliyosimama katikati ya kijiji. Hauzai tunda la maana, hautoi mbao, na juu ya yote una historia mbaya.

Wakaukata. Kazi ilichukua siku mbili, na kuni zake zikachoma tofali za kanisa la kigango. Mtu mmoja tu alipinga, mjane aitwaye Deodata, ambaye alikwenda kuketi shinani na kukataa kunyanyuka.

"Nilimwambia ana mizimu," anasema Adelfina. Anaacha kuchuna gome. "Mbele ya watu wote. Mama wa umri wa mama yangu. Nikamwambia maji yanatoka kwa Mungu, hayatoki kwenye mti."

Mikaratusi ikapandwa kwa mistari iliyonyooka kama daftari la mtoto mwenye bidii. Ikapaa. Wageni wakaisifu. Mwaka wa tano bomba la chemchemi lilianza kutoa maji membamba. Mwaka wa tisa likakauka kabisa, na akina mama wakaanza kwenda kwenye kijito kilicho kilomita tatu, dumu kichwani, kwenda na kurudi.

Lawama zote zilitupiwa mabadiliko ya tabianchi, ambayo hayana ndugu wa kuyatetea. Adelfina alilifundisha hilo darasani kwa chaki ya rangi. Tena aliwahimiza watoto waongeze miti.

Kisha ikaja habari ya ruzuku. Mfuko mmoja wa mazingira ulitenga shilingi milioni 186 kuimarisha elimu ya mazingira katika shule ishirini na nne za wilaya za Ngara na Biharamulo. Kanyamazi iliteuliwa kuwa shamba darasa, mahali ambapo shule nyingine zingekuja kujifunza. Picha ya msitu wa Adelfina ilikuwa kwenye jalada la andiko la maombi. Yeye mwenyewe angepata mkataba wa miaka mitatu, shilingi laki mbili na themanini kwa mwezi, mshahara wa kwanza maishani mwake.

Renatus aliimba siku nzima, wakati hata kanisani hujulikana kwa kufungua mdomo bila kutoa sauti.

Februari mwaka huu walimu wa mradi walipelekwa kata ya Nyantakara, wilayani Biharamulo, kwa mafunzo ya siku tatu. Siku ya pili walitembezwa kwenye chemchemi. Adelfina alikuta maji yakibubujika chini ya mikuyu michanga, na pembeni visiki vyeusi.

"Nikauliza, hivi visiki ni vya nini? Mkulima mmoja akacheka, akasema, 'Mama, hiyo ni mikaratusi. Hiyo miti inakunywa kuliko ng'ombe. Tuliiondoa, baada ya miaka minne maji yakarudi.' Nikamuuliza mlikuwa mmepanda mingapi. Akasema themanini."

Themanini. Mwezeshaji aliendelea kueleza kwamba mkaratusi una mahali pake, mlimani, kwa nguzo na kuni, na kwamba sheria inataka mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji ziachwe zipumue. Adelfina hakusikia vizuri. Wali wa mchana ulipoa mbele yake hadi nzi wakajikaribisha.

"Nilikuwa nahesabu madumu," anasema. "Miaka minne ya madumu, kila nyumba, kila siku. Nikasema, Yesu wangu, ni mimi. Siyo jua, siyo tabianchi. Ni mimi."

Aliporudi nyumbani alimweleza mumewe. Renatus akasema jambo ambalo wengi wetu tungelisema.

"Ngoja kwanza mkataba usainiwe, Mama Speciose. Ukweli hauozi."

Adelfina akangoja. Haoni fahari kulisema hilo.

Siku ya wageni kuja kukagua ilifika mwishoni mwa Machi. Mwalimu mkuu, Kezia, alikuwa na tatizo moja: kamati ya ruzuku ingetaka kuiona chemchemi, na chemchemi haikuwa na tone. Basi tangu alfajiri wanafunzi wa darasa la sita na la saba walitumwa kijitoni, na kufikia saa tatu walikuwa wamemwaga madumu thelathini na nane ndani ya kisima cha saruji kilichojengwa kwenye chemchemi. Shimo likajaa. Wakatupia na majani mawili ya mgomba juu ili papendeze.

Ndiyo, umesoma vizuri. Watoto walibebeshwa maji kwenda kuyamwaga kwenye chemchemi, ili wageni waone jinsi miti inavyoleta maji.

Mratibu wa mradi ulioomba ruzuku hiyo, Mwatumu Yunusu, binti wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa mjini Biharamulo, aliinama, akachota kwa kiganja, akanawa uso. "Mashallah," alisema. "Maji baridi, safi. Mama Adelfina, hongera sana. Hii ndiyo elimu tunayoitaka."

Watoto walipiga makofi. Mmoja wao, msichana, bado alikuwa na ngata kichwani, amesahau kuivua.

"Ile ngata ndiyo iliyonimaliza," anasema Adelfina.

Alisogea mbele na, kwa sauti ileile ya kuongoza jumuiya, akasema: "Bi Mwatumu, hayo maji yametoka kijitoni asubuhi hii, vichwani mwa hawa watoto. Chemchemi imekufa. Niliyeiua ni mimi, na silaha yenyewe ndiyo hii miti mnayoipiga picha."

Mwalimu mkuu alifunika uso kwa karatasi ya ratiba. Mjumbe mmoja wa kamati alibaki ameshika kalamu hewani. Mwatumu alikuwa bado anachuruzika maji usoni.

"Astaghfirullah," alisema hatimaye. "Na sisi tumeiweka kwenye jalada."

Mwatumu anakiri kuwa hakulala vizuri wiki nzima. "Nilikasirika, sitakuficha," anasema ofisini kwake Biharamulo. "Nikajiuliza, tumeomba fedha ya kufundisha nini? Tumefika pale watu saba wenye vyeti, na aliyekuwa na somo ni mama mmoja wa darasa la saba."

Majibu ya mfuko hayakuwa ya huruma. Shamba darasa lilihamishiwa Nyantakara. Fungu la shule ya Kanyamazi lilisimamishwa hadi msitu uliozunguka chemchemi uondolewe. Mkataba wa Adelfina ulifutwa. Mwalimu mkuu alikaa miezi miwili bila kujibu salamu yake, na sokoni watu walimnyooshea kidole kama mtu aliyewanyang'anya chakula mdomoni.

Juni ikaja barua nyingine. Aliifungua akitarajia kesi. Alimpa Renatus aisome mara ya pili, kwa kuwa hakuyaamini macho yake. Mfuko ulimwomba azunguke shule zote ishirini na nne, kwa nauli na posho ya shilingi elfu kumi na tano kila safari, akafundishe somo moja tu: kilichotokea Kanyamazi. Hadi sasa amefika shule kumi na moja. Kila anapofikia kwenye madumu thelathini na nane, anasema, darasa hupiga ukelele.

Lakini kabla ya barua zote hizo, jioni ileile wageni walipoondoka, alikuwa na safari fupi ya kufanya.

Alikwenda kwa Deodata. Bibi huyo sasa ana miaka 83 na haoni vizuri. Adelfina alipiga magoti mlangoni, akaamkia shikamoo, akaomba msamaha wa maneno ya mwaka 2012. Bibi aliitikia marahaba, akanyanyuka na fimbo yake, akamwongoza hadi nyuma ya nyumba kwenye zizi la ndama.

Siku umuvumu ulipokatwa, Deodata aliomba matawi tu, ajengee zizi. Walimpa, wakimcheka. Alichomeka nguzo sita.

"Nne zikakataa kufa," anasema bibi, akipapasa shina lililo nene kuliko kiuno chake. Majani yake yamefunika paa zima la zizi. Ni mti uleule wa chemchemini. Miaka yote hiyo Adelfina alipita njia hiyo kwenda misa.

"Alinitazama nikilia," anasimulia Adelfina. "Akasema, 'Nilijua utakuja. Sikujua tu kama utanikuta hai.'"

Leo, kuzunguka kisima kikavu, kuna vigingi kumi na saba vya umuvumu, kila kimoja kimekatwa kwenye zizi la Deodata. Vitano vimetoa majani. Mikaratusi mia mbili na kumi na miwili imeshaanguka, na nguzo zake zinajenga vyoo vya shule. Imebaki mia nne na ishirini na nane. Jumamosi Renatus huja na shoka la pili, haimbi, lakini haondoki mpaka jua liwe kali.

Adelfina anajua hesabu ya Nyantakara: miaka minne. Atakuwa na sitini. Deodata atakuwa na themanini na saba, na kila Jumapili baada ya misa humuuliza swali lilelile, kama chemchemini pamelowa.

"Bado, bibi," humjibu.

Anachotaka Adelfina ni kikombe kimoja. Amekwisha kukinunua, cha bati, cheupe, chenye mstari wa bluu, kimewekwa kabatini na hakuna anayeruhusiwa kukitumia. Maji ya kwanza yatakayotoka Kanyamazi atayakinga kwa kikombe hicho na kumpelekea bibi huyo nyumbani kwake, na safari hii hakuna mtoto atakayekuwa ameyabeba kichwani.