Aliyeingia kwa Karibu Yangu

Sina umri wa kuwatungia watu hadithi. Nimesoma mpaka darasa la nne, nimelima Kongwa, nimezika mume na watoto wawili, na haya ninayoyaandika kwa mkono wangu yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu, nyumbani kwangu hapa Ipagala. Watu wakisikia habari za namna hii hupenda ziwe za usiku, ili wajue kukikucha yameisha. Hizi si za usiku. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na mlango ulikuwa wazi.

Nilikuwa nakaa na mjukuu wangu Nyemo, mtoto wa binti yangu marehemu. Nimemlea tangu hajaota meno. Alimaliza kidato cha nne, akafaulu, akataka kusomea uuguzi. Siku hizi huombi chuo kwa barua. Unaomba kwenye mtandao, na siku ya mwisho ikifika saa yao wanafunga, hata ulie. Mjomba wake wa Kongwa akampa kompyuta yake ya zamani, ile ya kufunga na kufungua kama kitabu, ili ajaze fomu humo.

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Baadaye ile programu ya kufungulia mtandao, wenyewe wanaiita brauza, ikaanza kuwa nzito. Nyemo anabonyeza, kaduara kanazunguka, kanazunguka, mpaka unaweza kwenda kusonga ugali ukarudi. Mara ukurasa unakuwa mweupe. Mara kila kitu kinaganda, hata mshale hauendi. Anazima, anawasha, vinatokea vijitangazo pembeni vinavyorukaruka kama panzi. Nilikuwa naigombeza.

"Bibi," Nyemo ananicheka, "unaisema kama mbuzi aliyeingia shambani. Haisikii."

Ngoja niseme kosa langu sasa, nisije nikaonekana namsingizia mtoto. Mimi nimelelewa kwamba mtu akipiga hodi unajibu karibu kabla hujajua ni nani. Ametembea juani, ana kiu, humsimamishi mlangoni kumhoji. Maswali yatakuja akishakunywa maji. Sasa kwenye ile kompyuta kilikuwa kinatokea kijisanduku chenye maneno mawili, Ruhusu na Zuia. Nyemo ananiuliza, "Bibi, hapa kuna kitu kinaomba, nifanyeje?" Namwambia, "Ruhusu. Kikijibiwa kitanyamaza." Kesho yake kinaomba kingine. Ruhusu. Nilijua nini mimi? Niliona ni adabu tu.

Siku ya mwisho ya kupeleka fomu ikafika, na walisema wanafunga saa kumi jioni. Tangu asubuhi Nyemo anajaza, inaganda, inapotea, anaanza upya. Ilipofika saa sita hajafika hata nusu. Akampigia fundi mmoja anayeitwa Elia, ana kibanda chake karibu na sokoni, anatengeneza simu na kompyuta. Elia akasema saa nane atakuwa amefika.

Saa nane nilikuwa jikoni nachagua majani ya mlenda. Nikasikia hodi. Sauti ya kijana, ya taratibu. Bila kugeuza shingo nikajibu, "Karibu, pita ndani, mwanangu. Ulikuwa wapi muda wote huu, tunakufa hapa."

Nilipotoka jikoni alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha Nyemo. Kijana mrefu, shati jeupe. Niamini, kitu cha kwanza nilichokiona ni viatu. Anayeijua Ipagala kipindi cha upepo anajua, ukitoka barabarani mpaka kwangu miguu inakuwa myekundu kwa vumbi mpaka kwenye goti. Viatu vyake vilikuwa vyeusi, vinang'aa. Hakunipa shikamoo. Nikaona na nikanyamaza, maana nilikuwa na shida yangu. Mara ngapi mtu mwenye shida anaona na kunyamaza?

Nikamletea maji. Akapokea kikombe, akakipeleka mdomoni, akakiweka chini. Kisha akaweka vidole kwenye kompyuta. Vidole vinatembea, lakini ile sauti ya kubonyeza, kata kata kata, haikuwepo. Na kompyuta ikafunguka. Kurasa zikawa zinakuja papo hapo. Nyemo akapiga makofi, "Bibi, imepona!"

Hapo ndipo kijisanduku kikatokea katikati. Nyemo akakisoma kwa sauti, maana mimi macho hayafiki. Akasema, "Kinaomba kujua mahali tulipo. Kinaomba kutumia kamera. Kinaomba kusikia sauti." Akamtazama yule kijana. "Fundi, hii ya nini? Fomu haihitaji sauti."

Yule kijana akaondoa vidole. Alinigeukia mimi. "Wewe ndiye mwenye nyumba," akasema. "Ruhusu wewe."

Nikatazama saa ya ukutani. Nikamtazama mtoto wangu alivyokonda kwa wiki ile moja. Nikauliza ni wapi, Nyemo akanionyesha, nikaweka kidole changu, nikabonyeza.

Kijana akainuka, akapita kwenye korido kuelekea mlangoni. Nikamfuata ili nimuulize anadai kiasi gani. Korido yangu ina hatua sita. Nilipofika mlangoni, uwanja ulikuwa mtupu, na vumbi halikuwa na unyayo hata mmoja zaidi ya wangu wa asubuhi. Nikarudi. Kikombe kilikuwa kimejaa maji mpaka ukingoni, kama nilivyokileta.

Nikiwa nimekishika, nikasikia pikipiki. "Hodi! Shikamoo Bibi, nisamehe sana, boda imepata pancha kule kwenye mataa, nimeisukuma mpaka kwa mziba pancha." Kijana mfupi, jasho, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Mimi ndiye Elia."

Nyemo alipiga kelele. Mimi nilikaa chini.

Elia ni mtu mzima wa akili ingawa umri ni mdogo. Hakutucheka. Akaitazama kompyuta, ilikuwa imeganda tena, ukurasa mweupe, na fomu haikuwa imekwenda popote. Akasema, "Kwanza fomu. Kwenye mashine yenye shaka huandiki nywila yako. Dada, njoo ujazie kwenye simu yangu." Wakajaza, wakapeleka, jibu likarudi kwamba imepokelewa. Ilikuwa imebaki robo saa. Ndipo mtoto akalia.

Kisha Elia akaanza kazi. Akaitoa kwanza kwenye mtandao. Akafungua mahali panapoonyesha nini kinakula nguvu za mashine, akapiga mluzi. "Bibi, hii kompyuta imebeba watu kama lori la mnadani. Itatembeaje?" Akafunga kurasa zilizokuwa wazi tangu mwezi uliopita. Akafuta takataka ambazo brauza hujiwekea kila unapopita. Akatoa viprogramu vidogo vilivyojining'iniza humo bila sisi kujua. Akapitisha programu ya kutafuta virusi, ikachukua muda mrefu, ikakamata vitatu, akavifuta. Kisha akafungua orodha ya vile tulivyoviruhusu. Ilishuka, ikashuka.

"Nani ameviingiza vyote hivi?" nikamuuliza, kwa ukali.

"Nyinyi, Bibi. Kila kimoja kilipiga hodi. Mkakijibu."

Akawa anaondoa kimoja kimoja. Mwisho ukabaki mstari mmoja usio na jina. Mahali, kamera, sauti, vyote vimeruhusiwa, na pale pa jina hakuna kitu. Akauondoa. Akazima, akawasha. Upo. Akauondoa tena. Upo. Akasema kitu kama hicho hajakiona kwenye mashine yoyote. Akaamua kuifuta kompyuta nzima, aiweke upya kama imetoka dukani. Alipomaliza, mstari haukuwepo. Brauza inafunguka kabla hujatoa kidole. "Mashine imepona, Bibi," akasema, na mashine kweli ilikuwa imepona. Mpaka leo haina neno.

Lakini yule wa viatu vyeusi mimi sikumkaribisha kwenye mashine. Nilimkaribisha ndani kwangu.

Nyemo alichaguliwa. Nikamfungia karanga na unga, akapanda basi akaenda zake, mbali, safari ya siku nzima. Wiki hiyohiyo, saa nane mchana, nikasikia hodi. Sauti ya Elia. Nikatoka na maneno mdomoni, "Karibu, mwanangu." Hakuna mtu. Kesho yake tena. Nikampigia Elia, akasema yuko kibandani hajatoka tangu asubuhi. Nikaacha kujibu. Kila siku saa ileile nakaa kwenye kigoda chumbani, mlango nimeufunga kwa komeo, nanyamaza mpaka ipite.

Mchungaji alikuja, tukaomba. Siku tatu kimya. Siku ya nne ikaja kwa sauti ya Nyemo. "Hodi. Bibi, ni mimi." Nikapiga simu haraka, Nyemo akapokea, nasikia wenzake wanacheka nyuma yake. Yuko chuoni. Na mlangoni bado inaniita, "Bibi, ni mimi."

Miezi ikapita hivyo. Niliona pia kwamba majirani hawaji tena. Mama Lazaro wa nyumba ya pili, tuliyekuwa tukisagisha pamoja, tunakopeshana chumvi, akawa anapita mbali. Akina mama wa jumuiya ya kanisani wakahamisha sala iliyokuwa ikifanyika kwangu, bila kunieleza. Nikasema ni msimu wa kuvuna, kila mtu ana yake. Kiburi nacho kikanishika. Sikuuliza.

Halafu Nyemo akafunga chuo. Aliniambia atakuja Jumamosi. Akapata basi Ijumaa, akataka kunishtukiza kwa furaha, mtoto wa watu. Akafika saa nane.

"Hodi! Bibi, ni mimi!"

Mimi nikiwa kwenye kigoda changu nikakaza meno. Sikufungua mdomo. Nawaapia, sikufungua mdomo. Akaita, akabisha kwa kiganja, akaita tena. Kisha nikasikia kilio, kisha miguu ikiondoka, na hilo la miguu ndilo lililonishtua, kwa sababu yule wa siku zote hana miguu. Nikakimbia nikafungua komeo. Kwenye vumbi kulikuwa na nyayo, na alama ya begi lililoburutwa. Nikatoka bila viatu mpaka barabarani. Ameshapanda bodaboda.

Alipokea simu jioni, akiwa Kongwa kwa mjomba wake.

"Bibi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwanangu. Sikujua ni wewe. Ndiyo maana sikujibu."

"Umenijibu, Bibi. Nimesema ni mimi, Nyemo. Ukasema, 'Nyemo wangu yuko chuo. Wewe sikujui. Ondoka mlangoni pangu.' Mara tatu umesema. Ni sauti yako, Bibi. Hata kile kikohozi chako cha mwisho wa maneno."

Nikaikata simu. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Lazaro, nikamkuta anapepeta uwele. Sikumsalimu. Nikamuuliza, "Niliwahi kukufukuza kwangu?"

Akaweka ungo chini. "Makubwa! Si wewe uliyenijibu mchana ule wa saa nane kupitia mlango kwamba nisikanyage tena, nyumba yako haitaki watu? Na akina mama wa jumuiya ukawaambia hivyohivyo. Tukasema uzee."

Umeelewa? Aliomba kusikia sauti, nikampa. Akanifundisha kunyamaza, kisha akaanza kujibu kwa niaba yangu, mimi chumbani nisisikie kitu. Kumbe kubisha kote kule hakukuwa kwa kuomba kuingia. Aliingia siku ile nilipokuwa nachagua mlenda.

Nyemo anasema ananiamini. Ananipigia kila Jumapili. Likizo zote sasa anazimalizia Kongwa, na nikimwambia aje anasema, "Tutaona, Bibi." Na mimi simlaumu. Aliyasikia maneno yale kwa sauti iliyomlea.

Nimeng'oa mlango. Pale palipokuwa na mlango kuna pazia tu. Ikikaribia saa nane natoa kigoda changu, nakaa nje juani, katikati ya uwanja, ili kila anayepita anione mdomo. Na yeyote akipiga hodi, hata mtoto aliyetumwa kiberiti, naisikia sauti yangu mwenyewe nyuma ya pazia, ina kikohozi changu, inamwambia aondoke.

Nyinyi mnaosoma, kijisanduku kikikuuliza, soma kinachoomba. Kama hukijui, zuia, hata ungekuwa na haraka kama yangu. Na mtu akikupigia hodi, toka kwanza umtazame miguu ndipo umkaribishe. Nasema hivi mimi niliyelelewa kinyume chake, na inaniuma kusema.

Na wewe Nyemo, ukisomewa au ukisoma mwenyewe: njoo. Usipige hodi, na sauti ya ndani usiisikilize. Mtafute bibi aliyekaa nje kwenye kigoda. Huyo ndiye mimi.