Chini ya Kofia za Uyoga

Sipigi picha za uyoga kwa taa. Taa ya kamera huufanya ung'ae kama plastiki, nami huona aibu hata kama hakuna atakayeiona picha hiyo. Nilijifunza mwenyewe, kwa video za simu na kwa kukosea. Nalala kifudifudi juu ya majani makavu, natanda leso nyeupe juu ya uyoga ili jua la asubuhi lichujike, na upande wa kivuli nasimamisha karatasi ya kung'aa ya pakiti ya majani ya chai. Kisha napiga, natazama, nafuta. Napiga tena, nafuta. Kazi yangu ya mshahara, huko Malindi, ni kupiga picha za pasipoti, na hata huko wateja hulalamika kwamba nawanyoosha shingo kama kuku wa kuchinjwa. Picha ikilegea kidogo tu, ikakosa ukali, namrudisha mteja kitini.

Hawe, bibi yangu mzaa baba, alinicheka sana kwa hilo. Mimi ni mjukuu wa kiume, kwa hiyo kwa utani wetu aliniita mume wake.

"Mume wangu," alisema, "wenzako wakilala kifudifudi huwa wana mtu chini yao. Wewe una uyoga."

Nyumbani kwetu Tezo, uyoga ulikuwa wake. Ndiye aliyejua vichuguu vinavyoutoa baada ya mvua, na hakumwonyesha mtu. Aliondoka na kikapu mapema, akarudi, akaupika kwa tui la nazi, tukala na sima. Hakuna aliyemuuliza huu ni uyoga gani. Ingekuwa kama kumuuliza mama yako kama kweli ndiye aliyekuzaa.

Mwaka jana, wakati wa masika, tulitapika nyumba nzima. Shangazi, kitinda mimba wa Hawe anayeishi naye, alisema macho ya mama yamekwisha. Hawe alisema ni wale samaki wa jana yake. Walibishana hivyo hadi mvua za vuli, nilipokuja tena nyumbani kwa likizo.

Hawe alirudi kutoka porini na kikapu kimejaa. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni pa jiko.

"Mama, huo hauingii kwenye sufuria yangu."

"Sufuria yako? Ulizaliwa ukaikuta."

"Niliikuta, na sitaki iniue. Nikiukuta mmoja tu mbaya humo, hutaenda tena porini wala hutapika hapa."

Hawe alinigeukia. Macho yake yalikuwa na utando. Nilikuwa nimeuona tangu zamani, ila sikumwambia mtu.

"Huyu ana jicho la mashine," alisema. "Mume wangu, upige picha umwonyeshe. Umzibe mdomo."

Niliumwaga uyoga kwenye uteo chini ya mkorosho, nikautandia leso, nikaanza kuugeuza mmoja mmoja. Uyoga wa kichuguu naujua. Mikunjo ya chini ya kofia yake ina wekundu wa mbali, na shina lake lina mzizi mrefu unaotoka ndani ya kichuguu cha mchwa. Wa kwanza wote ulikuwa hivyo. Kisha nikaugeuza mmoja usio na mzizi, wenye pete shinani. Nilipouvuta karibu kwa lenzi, kati ya mikunjo kulikuwa na ukijani hafifu, kama maji yaliyolala mtungini. Huo niliwahi kuupiga picha kwenye nyasi za uwanja wa mpira, nikasoma juu yake kila nilichopata. Ndio unaotapisha.

Nitasema kweli: nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu picha ilitoka. Kila mkunjo ulisimama peke yake, na mwanga ulipita katikati yake bila kuunguza mahali popote kwa weupe. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile.

Ningeweza kuuficha mfukoni, nikasema kikapu ni safi. Lakini mimi siwezi kuacha kazi nusu. Nilikagua wote, nikatenga mafungu mawili mbele ya watoto na majirani waliokuja kutazama. Hawe aliinama, akaanza kuupapasa.

"Huu?"

"Mbaya."

"Na huu je?"

"Mbaya, Hawe. Hauna mzizi. Gusa."

Aligusa. Hakuuliza wa tatu.

Shangazi alininyang'anya simu, akaisogeza usoni pa mama yake. "Jionee mwenyewe."

"Sioni."

"Basi. Ndilo nililokuwa nikisema."

Akaumwaga uyoga wote chooni, mzuri na mbaya. Nilipomwambia fungu moja lilikuwa salama, aliniuliza kama ningeonja wa kwanza. Niliinama kukunja leso yangu. Kikapu alikitia majani makavu, akamwekea kuku atagie.

Picha niliituma kwenye kundi letu la wapiga picha. Waliisifu. Mmoja akaandika kwamba ukingo wa kushoto umelegea, na maneno hayo yaliniumiza kuliko uso wa Hawe.

Masika haya, nikiwa tena nyumbani, Shangazi alimuuliza mama yake vichuguu viko wapi. Hawe alisema amesahau. Shangazi akaenda kununua uyoga kwa wanawake wanaouza kando ya barabara, akaupika kwa tui vilevile, akamwekea mama yake sahani.

Hawe aliisukuma. "Mimi sioni. Nitajuaje umenipa nini?"

"Mama, kula. Watu wanakutazama."

"Kuleni nyinyi wenye macho."

Alikula sima yake kwa chumvi. Sisi tulikula uyoga, na ulikuwa mtamu. Ulinunuliwa kwa watu tusiowajua, lakini kabla haujaingia sufuriani hakuna aliyeugeuza hata mmoja kuutazama chini. Hata mimi.