Mlango Wenye Kibandiko Chekundu

Jioni ya ufunguzi wa maonyesho yetu mama alikuja na nguo yake ya kanisani, maana kwake ufunguzi ni maombi, hotuba na pilau. Alikuta watu wamesimama na glasi wakinong'ona mbele ya picha, na vijiti vya meno vilivyochomekwa vipande vya nyama vidogo kama vya kuonjea chumvi. Aliniuliza tunakaa wapi. Nilimwambia hapa watu hawakai, huzunguka. Akaguna.

Tulikuwa kundi la wasanii tunaochangia chumba kimoja cha kazi kule Kabiro. Wenzangu walileta picha, mimi nikaleta mlango. Ulikuwa mlango wa mabati wa nyumba yetu ya Gatwekera, kitu pekee tulichookoa siku tingatinga lilipopita. Kwa ndani, mama alikuwa akitupima kimo kwa msumari, mimi na dadangu mdogo. Mikwaruzo yangu ilipanda hadi karibu na juu. Ya dadangu iliishia katikati, mwaka aliotutoka kwa homa ya mapafu. Picha zake zote zilibaki kwenye kifusi, kwa hivyo mikwaruzo ile ndiyo iliyokuwa picha yake. Nilipaka rangi kandokando, yenyewe sikuigusa.

Waandaaji walitaka kila kazi iwe ya kuuzwa. Nilimuuliza mama, akacheka hadi akajishika mbavu: nani atanunua bati lenye kutu, labda wale wa vyuma kuukuu wanaopita na mkokoteni. Nami nilicheka, nikaandika bei. Maskini wawili, tukidhani tunawajua matajiri.

Nilikuwa nimeenda kumtafutia kiti. Nilipogeuka, mama alikuwa amepiga magoti kando ya mlango, ametia mate kidoleni, anakwangua kitu kwa ukucha. Kilikuwa kibandiko chekundu, kidogo, cha duara. Nilijua papo hapo anachofanya. Kabla ya tingatinga walikuja vijana na rangi nyekundu wakachora alama kwenye milango ya nyumba zitakazobomolewa, na ploti nzima tukatoka na vitambaa na mafuta ya taa kuzifuta, tukiamini mlango usio na alama utarukwa. Haukurukwa hata mmoja.

"Wametuwekea tena," mama aliniambia. "Nisaidie kuitoa."

Mwenzangu mmoja wa Kabiro alinishika bega, uso umemjaa furaha. "Msee, umeomoka," alisema. "Hiyo red ni imeuzwa."

Ilibidi nimweleze mama. Aliketi palepale sakafuni. Nilimkimbilia mwanamke mwenye jumba la maonyesho, nikamsihi, nikamwambia nilikosea, siuzi. Alinijibu kwa upole mwingi kwamba mauzo yameshapita na kwamba nifurahi, wengi hungoja miaka. Upole wake ndio ulionimaliza nguvu. Kisha mnunuzi mwenyewe akaja, mzee mstaarabu, akainama kumuuliza mama ile mikwaruzo ni ya nini. Niliomba moyoni asijibiwe. Mama alimwonyesha kwa kidole: hii ni ya huyu hapa, hii ni ya yule aliyekufa. Macho ya mzee yalilowa. Alisema alihisi kitu kama hicho tangu aliposimama mbele ya mlango, na ndiyo sababu alishindwa kuuacha.

Nilimchukia kwa kuwa alikuwa mtu mzuri. Angekuwa mshenzi ningepata wa kutukana. Nilibaki nimesimama katikati ya taa zile nyeupe, watu wakinipongeza, nami sina pa kuipeleka hasira yangu.

Mama aliinuka. Alisimama wima akiugusa mlango kwa bega, akautafuta mkwaruzo wa mwisho wa dadangu kwa vidole, kisha akaunyoosha mkono bapa na kuuvuta taratibu, ukiwa sambamba na sakafu, hadi ukagota mwilini mwake. Ulifika chini kidogo ya titi. Akaushikilia hapo.

Tulitoka hivyo, bila kuaga. Ngong Road ilikuwa imejaa magari. Nilimwomba anipe mkono ule uliokuwa upande wangu tuvuke, kwa kuwa miguu yake si ya kukimbia tena, lakini alitikisa kichwa, kiganja bado kimeganda kifuani.

"Siwezi," alisema. "Nikiutoa, sitajua tena alikuwa amenifika wapi."