Mwisho wa Picha ya Basi Bovu

Ujumbe uliingia asubuhi nikiwa nafungua duka langu la vitenge hapa Masasi. Neno lenyewe moja tu, kwa herufi kubwa: IMETOKA! Nikaachia kufuli, nikapiga kigelegele, mpaka kijana wa bodaboda akasimama akidhani nimeibiwa.

Usinicheke. Nimo kwenye kundi la simu la watu waliopagawa na picha za sinema za zamani, za kutazamwa na familia, zile ambazo dunia nzima imezisahau isipokuwa sisi. Yumo baba mmoja wa Mombasa, dada wa Tanga, bwana aliyeko Muskati, na wengine ambao sijawahi kuwaona sura. Kazi yetu ni kusubiri. Kila mmoja ana picha yake ambayo wenye haki nayo wameikalia, hawaiuzi wala hawaionyeshi, naye anaomba siku moja waitoe kwenye diski, safi na nzima. Mume wangu anatuita kamati ya msiba. Picha yangu mimi ni ya familia inayoishi ndani ya basi bovu, na nimeisubiri tangu utotoni kwa sababu sikuwahi kuona mwisho wake.

Nilikulia Newala kwa bibi yangu mzaa mama. Miaka ile maji yalikuwa kitu cha kupangiwa matumizi. Kiangazi, wakati wa kuokota korosho, wanawake walishuka bondeni alfajiri na kurudi jua limewaka. Maji yaliyooshewa mboga yaliosha miguu, na yaliyoosha miguu yakapelekwa kwenye mpapai. Mtoto aliyepindua ndoo alijua mwenyewe pa kwenda kulala siku hiyo.

Mwalimu wetu wa darasa la tatu, dada ambaye alikuwa bado hajaolewa, alitoka Kagera, kwa watu wa mvua. Alikuja na televisheni, deki, betri ya gari na mikanda michache, alichokosa ni maji tu. Basi akaweka utaratibu wake: Jumamosi jioni, anayetaka kuangalia picha aje na kopo la maji. Tulipanga mstari uani kwake, kila mtu anamimina kwenye pipa, Mwalimu anachungulia asije akaletewa ya matope. Bibi alikuja na ndoo nzima kichwani, na chini ya mkono sufuria ya ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ambayo Mwalimu alianza kwa kuibeza akaishia kuililia. Walipendana sana wale wawili. Mwalimu alimwita Mama.

Picha ya basi ndiyo tuliyoipenda kuliko zote. Baba mmoja mwenye masharubu amefukuzwa kazi, nyumba imekwenda, na mkewe amelazwa hospitali katika mji wa mbali. Ananunua basi bovu, anapakia watoto wanne na punda, wanaanza safari ya kumfuata mama. Maneno yalikuwa ya kigeni, Mwalimu akitutafsiria huku anachambua mchele. Kuna mahali wale watoto wanaogeshwa, wanaanza kumwagiana maji na sabuni, ndoo baada ya ndoo. Najua ilitengenezwa ili watu wacheke. Uani kwa Mwalimu ulisikika mguno mzito, na mama mmoja akauliza, "Jamani, hawa hawana mzazi?"

Kisha basi linafika. Geti la hospitali lile pale, mlango unafunguka, mtoto mdogo anateremsha mguu. Hapo kioo kinajaa chenga, chwaaa, na zikitulia tuko Lulindi, kwenye harusi ya Mwalimu mwenyewe.

Ngoja nikueleze. Mwalimu alipoolewa na kijana wa Lulindi, ndugu zake wa Kagera hawakuweza kufika, kwa hiyo Bibi ndiye aliyesimama kama mama mzazi. Bibi Mwislamu safi, amekaa nje ya kanisa na kanga mpya, anapokea pongezi za mwali. Katikati ya sherehe mpiga video aliishiwa mkanda. Akapewa wa picha yetu, akabandika selotepu kwenye kile kitundu cha kuzuia kurekodi, akaendelea na kazi kuanzia pale ulipokuwa umesimama, maana hata Mwalimu alikuwa hajaumaliza kuutazama. Mwisho wa picha ukafutika hivyo.

Sasa yule mpiga video alikuwa kijana wa mjini. Jicho kwenye mashine, anazunguka kwa wazee anawamulika mmoja mmoja, salamu hakuna. Bibi akamwangalia weee, akainuka, akamfuata. Kwenye televisheni unaona uso wake unakuja, unakuja, mpaka umejaa kioo kizima, kila kunyanzi na ile chale ya shavuni. Anasimama. Anasubiri. Ngoma inasikika nyuma lakini yeye hana habari nayo. Mwishowe inatoka sauti ya kijana, ndogo kabisa, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, endelea na mashine yako. Umekula lakini?"

Baada ya hapo ni vumbi la ngoma kidogo, na mkanda umekwisha.

Mara ya kwanza uani palivunjika kwa kicheko. Bibi mwenyewe alijitazama akasema, "Huyo bibi ana maringo, lakini amesema kweli." Baadaye ikawa kila Jumamosi uso ukijaa kioo, watoto wote wanaitikia kwa pamoja, "Shikamoo, bibi!" naye anajibu marahaba, mara mbili, Bibi mmoja kiooni na mmoja kwenye mkeka.

Lakini shuleni Jumatatu nilikuwa naipata. "Bibi yako katukatizia picha!" Mama wa watoto alipona au alikufa? Watu walibishana mpaka kupigana, na lawama yote ilikuwa juu ya ukoo wetu. Nilitamani ardhi ipasuke. Niliomba kwa Mungu upatikane mkanda mwingine, usio na Lulindi wala harusi wala bibi, niuone mwisho na niwazibe midomo. Ombi hilo ndilo lililonifikisha ukubwani kwenye kamati ya msiba.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Hatukuwa na kamera, na yeye hakuwa mtu wa kwenda studio. Mwalimu alihamishwa pamoja na mumewe, akaondoka na mikanda yake. Miaka michache iliyopita nilipata namba yake, nikampigia. Tuliongea mpaka sikio likapata moto. Nilipouliza mkanda wa basi, akashusha sauti. "Uliota ukungu, mwanangu. Niliuchoma pamoja na takataka tulipohama nyumba. Unisamehe."

"Usijali, Mwalimu," nikamwambia. "Ule ulikuwa mbovu hata hivyo." Tukacheka wote wawili.

Diski ilikuja na basi la Dar. Jumapili baada ya chakula nikawakusanya watoto. Kumbe lile basi bovu ni la kijani! Kwa Mwalimu kila kitu kilikuwa cha bluu. Walipofika kwenye kuogeshwa, wanangu walicheka mpaka wakaanguka, maana wao wamekulia kwenye bomba. Niliwatazama nikakumbuka mguno wa wale watu uani, na nikajua kwamba hautasikika tena popote, hata picha hii ichezwe mara ngapi.

Geti likafika. Mlango ukafunguka. Mtoto akateremsha mguu, na mimi nikajikuta nimekaa vizuri, nimejifunga kanga sawasawa, namsubiri mtu.

Mtoto akaendelea kutembea. Mama akatoka na gauni jeupe, amepona, wakakumbatiana wote, punda akalia, maandishi yakaanza kupanda. Ni mwisho mzuri, siwezi kuusema vibaya. Wanangu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa bado nautazama mlango ule, kwa sababu picha yangu ilikuwa haijafika.

Binti yangu akanigeukia. "Mama, mbona unalia? Si wameshaonana?"

"Ndiyo, mwanangu," nikamwambia. "Wao wameonana."