Mkubwa Ndiye Anaanza

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu kule Karungu, nilijua kabisa kwamba ningekufa kabla mahindi ya mama hayajakauka. Sikulia sana. Nilisikitika tu kwamba yale ya kuchoma ningeyala msimu mmoja, tena kwa haraka.

Kosa lilikuwa la kupanda. Kwetu Wajaluo, mama mkwe ndiye hutangulia kutia mbegu ardhini, ndipo mke wa mwanawe afuate. Mwaka huo mvua ilikuja wakati dani, yaani nyanya yangu mzaa baba, amekwenda kwenye matanga kule Rodi Kopany. Mama alingoja, akachungulia njia, akangoja tena, mwishowe akachukua jembe. Dani aliporudi alikuta mahindi yetu yamechipuka na shamba lake liko tupu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Umenipita. Sasa chira itashika mtoto." Chira ni ule ugonjwa wa kukondesha unaofuata nyumba iliyovunja mwiko. Tangu siku hiyo hakuingia kwetu wala kuonja chakula cha mama.

Na mimi, bahati mbaya, nikaanza kukonda. Sketi ya shule ikawa inashuka, nikaifunga kwa kamba. Kila jioni mama akiniogesha alinipapasa mbavu. Hakunipeleka hospitali, kwa sababu kila mtu alijua kwamba mwenye chira akidungwa sindano hafiki nyumbani. Mama yangu hakuwa mjinga. Aliogopa, basi, na nikimkumbuka hivyo bado namhurumia.

Mwalimu Rosa, aliyetufundisha watoto kanisani, alitumia Kiswahili kwa kuwa wengine wetu walikuwa Wakuria. Jumapili moja alifundisha kuhusu dhambi. Neno hilo lilitutatiza, basi msichana mmoja mkubwa akatugeukia sisi Wajaluo, akanong'ona, "Dhambi ni chira." Hapo tukaelewa sana. Kwa hiyo mwalimu alipouliza, "Nani hapa ana dhambi?" akitarajia mikono yote, mkono ulioinuka ulikuwa wangu tu. Wenzangu wakaninyooshea vidole, eti kunisaidia.

"Wewe peke yako?" akauliza. "Umefanya nini?"

"Mimi sijafanya. Ni mama. Alipanda mbele ya dani."

Mwalimu akainua mkono wake mwenyewe. "Mimi pia niko nayo."

Nilimtazama. Alikuwa mama wa mwili mkubwa, hata kiti kilimjua. "Lakini mwalimu, wewe umenona."

Watoto wote wakaangua kicheko, naye akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Halafu akanivuta karibu. Akaniambia dhambi haikondeshi mtu, wala hairuki kutoka kwa mama ikamshika mtoto. "Ni kumkosea Mungu, halafu unajificha," akasema. "Mnakaa kama nyumba mbili zisizokula pamoja. Sasa sikia. Aliyekosewa ni yeye, lakini hakukaa kwake akingoja tuende. Alikuja yeye kwanza. Ndiyo maana ya Yesu."

Nilirudi nyumbani na neno moja tu kichwani: kwanza. Hilo nilikuwa nalifahamu, maana ndilo lililotuvunjia nyumba. Dani alikuwa ameketi nje akichambua omena, wale dagaa wa ziwani.

"Dani, mwalimu anasema Mungu alikosewa na bado akaja kwanza."

"Ni vizuri."

"Ni kama kupanda. Mkubwa ndiye anaanza. Mama hawezi kuja kwako, atakupita tena."

Dani aliacha omena. Aliniangalia miguu, ile miguu yangu ya njiti, kwa muda mrefu. Nilidhani nimemkosea adabu.

Jioni mama alikuwa akisonga ugali. Tukasikia kikohozi mlangoni, na dani akaingia na bakuli la omena, akakalia kigoda chake cha zamani. "Nyar Rusinga," akamwita mama, binti wa Rusinga, kama alivyozoea kumwita wakipatana. "Nina njaa." Mama aliweka sahani. Tulikula sahani moja sisi watatu, mama analia huku anamega. Dani alipomaliza kunawa alisema, "Kesho mtoto aende hospitali. Wakitaka kumdunga, wamdunge. Nitakuja pia."

Ilikuwa minyoo, na malaria juu yake. Nilidungwa, mama amefumba macho, dani amenishika mkono, na nyumbani nikafika. Njiani mama alikuwa akicheka peke yake, ile furaha ya mtu aliyetua mzigo. Mahindi yalipokauka nilikuwa na mashavu.

Dani hakusema hata siku moja kwamba chira haipo, nami sikumuuliza. Msimu uliofuata alitangulia kupanda, mama akafuata, kila mtu akaridhika.

Siku hizi nami nafundisha watoto kanisani, na nikiuliza nani ana dhambi, nainua mkono wangu kabla yao. Lakini somo lenyewe hunikuta nyumbani. Nikikosana na binti yangu, akajifungia chumbani, na kosa ni lake kabisa, huwa nakaa sebuleni nimekaza shingo nikingoja aje. Kisha nakumbuka kile kikohozi mlangoni. Basi nainuka, naenda kugonga.