Samaki Wanaosikia Mashi

Juzi binti yangu alinitumia picha kutoka Australia: ameketi kwenye mawe ya bahari, kimya, anavua. Nikakumbuka mawe yetu ya ziwani, kwetu Ibanda, utotoni, na harufu ya minyoo mikononi mwa papa, baba yangu. Maman, mama yangu, alikuwa nyumbani anangoja samaki wa kupika.

"Nyamaza, mutoto! Samaki wanasikia," papa aliniambia.

Tulikuwa tunasema Mashi, lugha ya kwetu. Basi nikageukia Kiswahili, nikapiga domo zaidi, ili samaki wasinielewe. Papa alicheka mpaka ndoano ikamponyoka. Jioni tulikula bugali na sombe tupu, majani ya muhogo bila samaki.

Nikampigia binti.

"Samaki wa huko wanasikia Mashi?"

"Hapana, papa! Hata watoto wangu hawaisikii."

"Basi museme Mashi tu huko kwenye mawe. Mutashika wengi."